Safari za Nyotani katika Sinema: Ipi Yasadikika?

Katika nyanda zetu hizi, tangu Tukuyu na Mwanjelwa hata Makambako, Mafinga na Kihesa, ni vijana wachache wasiopata kuona, katika kibanda cha video au katika simu ya mwenzao, picha za watu wasafirio kwa vyombo kati ya nyota. Picha hizo huja kwa mafungu. Moja ikipendwa hufuatwa na ya pili, na ya pili huzaa ya tatu, hata zikawa kama ukoo wenye babu na wajukuu. Kwa hiyo sisi tutaziita koo. Watazamaji hushindana sana juu yake. Mmoja asema ukoo huu ndio wenye kweli, mwingine asema ule ndio uliotengenezwa vizuri, na mara nyingi hawatambui ya kuwa wanashindania mambo mawili mbalimbali. Twataka kuyatenga mambo hayo, kisha tuzipime koo tatu zijulikanazo kuliko nyingine, na picha moja fupi ya Mwafrika wa Mashariki.

Wako wazee, na baadhi ya walimu wenzetu, wasemao kwamba kazi hiyo ni bure, kwa kuwa hadithi za namna hiyo ni uongo mtupu, na uongo hauna mizani. Hatukubaliani nao. Ni nani kati yetu asiyelelewa kwa ngano za sungura na fisi? Twajua sana ya kuwa sungura hasemi. Lakini msimulizi akituambia kwamba sungura amedanganywa na fisi mara tatu kwa hila ile ile, wasikilizaji watamkatiza: sungura gani huyo? Hawakupata kusadiki kwamba mnyama anena. Walilosadiki ni kwamba sungura wa ngano ana akili, na msimulizi aliwapa ahadi hiyo tangu mwanzo. Basi iko kweli ya mambo yalivyo ulimwenguni, nayo iko kweli ya hadithi kushika ahadi yake. Mbali na hizo uko ustadi wa mikono, yaani uzuri wa mavazi, wa vyombo, wa mwanga na wa sauti. Picha yaweza kuwa na kimoja cha hivyo na kukosa vingine.

Kipimo cha kwanza tunacho karibu. Huko Mbozi, katika nchi iliyokuwa ya Mkoa wa Mbeya hata mwaka wa 2016 ilipotiwa katika Mkoa wa Songwe, kiko kimondo cha chuma kilichoanguka kutoka juu. Wataalamu walikipatia habari mwaka wa 1930. Urefu wake ni kadiri ya meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Katika kila sehemu 100 za mwili wake, sehemu 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. Kilikuwa kimefukiwa ubavuni mwa kilima. Watu wakachimba pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake ikawa kiti chake. Mtoto aliyezoea sinema akifika pale kwa mara ya kwanza huenda akasikitika. Hakimetameti wala hakitoi moshi. Kina rangi ya kutu, na ngozi yake ina mabonde madogo madogo, kama udongo uliobonyezwa kwa vidole gumba. Wala hapana shimo kubwa kando yake. Kitu kilichotoka angani kweli kimekaa kimya kama jembe lililosahauliwa shambani. Twaona kwamba mtu aliyekigusa kimondo kile amepata swali zuri la kuiuliza sinema yo yote ya nyotani: je, waliokutengeneza walijua ya kuwa vitu vya huko vina uzito, vina makovu na vina umri?

Ukoo wa Star Wars walijua. Picha ya kwanza, kazi ya George Lucas, ilitoka tarehe 25 Mei 1977, na gharama yake ilikuwa kama dola milioni 11. Kabla yake vyombo vya angani katika sinema nyingi vilikuwa safi kama sahani mpya. Lucas alitaka vyombo vilivyokwisha kutumika. Mafundi wake walichukua vipande vya plastiki vya watoto kuungia vifaru na ndege, wakavibandika juu ya mifano yao, kisha wakaipaka masizi na mikwaruzo. Mtu wa Makambako, ambapo malori ya Zambia na malori ya Songea huachana njia, akikiona chombo kiitwacho Millennium Falcon kikikataa kuwaka hata nahodha akakipiga ngumi, humjua mara moja mwenye chombo na shida zake. Hapo ustadi wa mikono umeleta kusadiki, na hakuna mwalimu aliyehitajiwa kueleza neno.

Lakini kwa kweli ya ulimwengu ukoo huu ni maskini. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na kati ya nyota hapana hewa ya kutikisika. Hata hivyo mizinga yao hunguruma kama radi ya Rungwe. Vyombo vyao huinama na kupinda kama tai, kwa sababu Lucas aliifuata mifano ya picha za ndege za Vita Kuu ya pili, nazo ndege zilikuwa na hewa ya kuegemea. Katika picha ya mwaka wa 1980 mashujaa hupita katikati ya mawe ya angani yaliyosongamana kama kundi la ng'ombe mnadani. Chombo halisi, Pioneer 10, kilivuka ukanda wa mawe ulio kati ya Mars na Jupiter mwaka wa 1972 na 1973, kikatoka salama, kwa kuwa mawe ya huko yako mbali mbali mno. Husimuliwa hata kwamba mojawapo ya mawe yale ya sinema lilikuwa kiazi. Watu wa Uporoto na Njombe, walimao viazi, wapate kujua ya kuwa zao lao limefika mbali.

Je, tuuhukumu ukoo huu kwa hayo? Hapana. Tangu maneno yake ya kwanza hujitangaza kuwa habari ya kale na ya mbali, kama mzee asemaye paukwa, na anayeitika pakawa hana haki ya kudai vipimo vya maabara. Kosa tunaloliona ni jingine. Mwaka wa 1999 ukoo ulirudi na picha mpya iliyogharimu dola milioni 115. Majumba na viumbe vingi vilichorwa kwa kompyuta, na wachezaji walisimama mara nyingi mbele ya vitambaa vitupu wakikodolea macho mahali pasipo kitu. Watetezi wake husema kwamba vitu vilikuwa safi kwa sababu hadithi yenyewe ni ya zama za utajiri. Sawa. Lakini macho ya mchezaji asiyeona anachokitazama hayana zama. Fedha iliongezeka mara kumi, na kusadikika hakukuongezeka. Picha ya mwaka wa 2015 iliporudia kujenga vitu vya kushikika, watazamaji wengi walishukuru.

Ukoo wa Star Trek ni kinyume chake. Ulianza katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ukaendelea kwa misimu mitatu hata mwaka wa 1969, vipindi 79. Sisi wa Tanzania Bara hatukuuona wakati huo, kwa sababu hatukuwa na televisheni yetu hata mwaka wa 1994. Ukiutazama leo utacheka. Chombo kikipigwa na adui, mpiga picha huinamisha kamera na wachezaji hujitupa upande mmoja kama walevi. Zilinunuliwa chupa za kunyunyizia chumvi za umbo geni ili zitumike mezani. Zilipoonekana kwamba mtazamaji hatazitambua kuwa ni za chumvi, zikafanywa vyombo vya daktari. Hata ule mtambo uwatoao watu chomboni na kuwasimamisha ardhini kwa nukta moja ulibuniwa kwa kubana matumizi, kwa kuwa kuonyesha chombo kikitua kila juma kungemaliza fedha.

Walakini picha hizi zasadikika, na sababu yake ni utaratibu wa kazi. Kila mtu ana zamu yake, huleta habari kwa mkubwa wake, hupinga kwa adabu akiona hatari, na akikosea hujibu. Aliyepata kufanya kazi katika hospitali iliyo na wauguzi wazuri anaijua hali hiyo. Kuta ni za mbao nyembamba, lakini watu waliomo ni watu. Tena mwenye hadithi alikuwa na heshima kwa umbali. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, ukiacha jua, iko mbali hata mwanga hutumia miaka 4 na zaidi kufika. Na chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka ule ule wa 1977, chendacho kama kilometa 17 kwa nukta moja, kingehitaji miaka zaidi ya 70,000 kwa safari ya namna hiyo. Star Trek haikuificha shida hii. Ilibuni mtambo wa kuushinda mwendo wa mwanga, ikautaja kwa jina, ikaufanya kuwa kitu chenye fundi, chenye kuchoka na chenye kuharibika. Ni kweli kwamba kasi yake huongezeka na kupungua kwa kadiri hadithi inavyotaka, na kwa hilo ahadi imevunjwa mara nyingi.

Hapa hatuna budi kusema juu ya lugha, kwa maana jambo hili latugusa sisi kuliko mitambo. Katika chombo kile kuna afisa wa mawasiliano, mwanamke Mwafrika, aliyechezwa na Nichelle Nichols, na jina lake ni Uhura. Limetoka katika neno letu uhuru, lililokuwa midomoni mwa watu wote wa Afrika ya Mashariki katika miaka ile. Waliogeuza herufi ya mwisho walitaka liwe laini. Kwa sikio letu halikuwa laini, lilikuwa halijakwisha. Katika sinema ya mwaka wa 2009 alipewa na jina la kwanza, Nyota, nalo ni Kiswahili safi. Tena katika kipindi cha kwanza cha mwaka wa 1966 adui humjia kwa sura ya mwanamume na kumsemesha kwa Kiswahili. Na katika kipindi cha mwaka wa 1967, alipofutiwa kumbukumbu na kuanza kujifunza upya kusoma, Kiswahili kilimtoka kinywani. Matamshi ni ya kigeni. Lakini angalieni lugha yetu imewekwa wapi: ni lugha ya mama, iliyobaki chini kabisa wakati mengine yote yamefutwa.

Star Wars ilifanya namna nyingine. Katika picha ya mwaka wa 1983 kuna rubani msaidizi mwenye mashavu manene, aitwaye Nien Nunb, asiye wa jamii ya wanadamu. Sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, naye alisema Kikikuyu. Mtu wa Chicago alisikia mlio wa kiumbe; mtu wa Nyeri alisikia maneno ya jirani yake. Wengine wamekasirika kwa hilo, wakiuliza kwa nini lugha ya watu ifanywe sauti ya kisichokuwa mtu. Sisi hatukasiriki sana, kwa kuwa rubani yule ni mtu mwema na hodari. Lakini kwa kipimo chetu cha kusadikika, kazi ile ilisimama juu ya matumaini kwamba Mkikuyu hatakuwamo ukumbini. Mtengenezaji akihesabu hivyo, kweli ya picha yake ina mpaka, na mpaka huo umepita mlangoni petu.

Sasa tuje kwa ukoo wa tatu, The Expanse, uliotoka katika vitabu vya waandishi wawili watumiao jina moja la James S. A. Corey. Ulionyeshwa tangu mwaka wa 2015 hata 2022, misimu sita. Kampuni ya kwanza iliuacha mwaka wa 2018 baada ya msimu wa tatu, nyingine ikauokota. Kwa kweli ya ulimwengu huu ndio mkuu wao. Tuchukue mfano wa basi lipandalo Kitonga. Dereva akiongeza mwendo ghafla, abiria husukumwa nyuma kwenye viti. Akikanyaga breki wote huinama mbele. Huko angani, mbali na mvuto wa dunia, msukumo wa namna hiyo waweza kumpa mtu uzito chomboni. Kwa hiyo vyombo vya The Expanse vimejengwa kama nyumba ya ghorofa, mtambo ukiwa chini ya sakafu ya mwisho. Mtambo ukiwaka, miguu hushika sakafu. Ukizimwa, watu huelea na machozi hayadondoki. Chombo kikifika nusu ya safari hugeuka, mkia mbele, na kuwasha mtambo ili kipunguze mwendo, kwa maana hapana barabara wala upepo wa kukizuia.

Twalisisitiza hili kwa sababu tumesahihisha madaftari. Katika sinema nyingine mtambo ukizimika chombo husimama kama lori lililoishiwa dizeli, na wanafunzi huandika hivyo hivyo katika majibu yao ya fizikia, hata wale waliokariri kanuni ya Newton neno kwa neno. Macho yamewafundisha kabla ya mwalimu, na yamewafundisha vibaya. Mwanafunzi akiona chombo kikigeuza mkia katikati ya njia, akauliza kwa nini, amekwisha kuianza kanuni kabla hajaisoma.

Hatusemi kwamba ukoo huu hauna ila. Mitambo yake hutumia mafuta kidogo kuliko fundi ye yote awezavyo kuahidi, na joto lake lote halijulikani linakwenda wapi. Kisha kuna kile kitu kigeni kitendacho miujiza kila hadithi inapokwama. Lakini wafanya kazi wake wa kwenye mawe ya angani wana lugha yao, iliyotungwa na Nick Farmer kwa kuchanganya maneno ya mataifa mengi, kwa kuwa babu zao walitoka nchi mbalimbali wakakutana kazini. Watu wa pwani na wa migodini hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Shida yake ni kwamba huenda polepole, na siasa zake ni nyingi. Vijana wengi tuwajuao huiacha katika saa ya kwanza.

Kuna mtu mwingine asiyetajwa na wahakiki wa ng'ambo, naye ndiye mtarjumani wa kibandani. Picha nyingi zilizoonwa huku hazikuonwa kwa sauti zake. Zilipita kwanza kinywani mwa msimulizi wa Kiswahili. Aliyesifika kuliko wote nchini alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye masimulizi yake yalienea katika kanda. Msimulizi wa namna hii hatafsiri tu. Hueleza nani ni mbaya, hutania, huwapa watu majina ya mitaani, na huonya kwamba yule nyuma ya mlango ana bunduki. Kwa picha za vita hufaa sana. Kwa picha za nyotani huleta jambo la ajabu, kwa sababu kimya ndicho kweli kuu ya anga. Stanley Kubrick alikijua hicho. Katika picha yake ya mwaka wa 1968, 2001: A Space Odyssey, mtu atupwapo nje ya chombo hafi kwa kelele, hufa katika kimya au katika sauti ya pumzi zake mwenyewe. Lakini msimulizi halipwi kwa kunyamaza. Akiona kimya hudhani kanda imeharibika, hujaza maneno, na kazi ya mwaka mzima ya mafundi wa sauti huondoka kwa mzaha mmoja. Hatumlaumu, bila yeye wengi wasingeelewa lo lote. Twatamani tu apatikane mmoja mwenye ujasiri wa kufunga kinywa kwa dakika mbili.

Mwisho ni picha ambayo si ya ukoo wo wote. Mwaka wa 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, isiyozidi nusu saa. Ni habari za wakati ujao baada ya vita vya maji. Watu wamefungiwa ndani ya mji, jasho lao na mkojo wao husafishwa ili wanywe tena, na umeme hutokana na miguu yao wenyewe. Msichana Asha, mtunza makumbusho, huletewa udongo usiojulikana ulikotoka. Huupima, huona una maji, hutia mbegu ndani yake, nayo huchipua. Wakubwa wakimkatalia kutoka, hutoka, na hutembea jangwani akiutafuta mti.

Fedha yake haikufikia hata ya viatu vya Star Wars, na huonekana: mji kwa mbali ni mchoro, na vyumba ni vichache. Lakini tazama jinsi Asha anavyolishika tone la jasho lake asilipoteze. Wanawake wa Isimani, upande wa Iringa wenye ukame, wachotao maji mbali, hawatauliza kama jambo hilo ni la kweli. Mti wake hukua upesi mno, na wapanda misonobari wa Sao Hill watacheka. Hilo tumelihesabu kuwa ngano, kwa kuwa kabla yake ndoto imepewa nafasi kubwa katika hadithi, na ahadi imeshikwa.

Lawama yetu ni moja. Jina la picha ni Kiswahili, na mambo yake ni yetu, lakini lugha yake ni Kiingereza. Kwa hiyo siku itakapofika Mwanjelwa, nayo itamhitaji mtarjumani, na sehemu kubwa ya picha hii watu hawasemi kitu.